Bashi Nyeupe Ng'ambo ya Aruwimi

Kampi ya mustari, ng'ambo ya Aruwimi
le 4 mwezi wa kumi, 1955

Nyota, bibi yangu,

Niko muzima. Ninaanza na hilo neno sababu ninajua macho yako inakimbilia wapi ukifungua barua. Sina homa, sina kidonda, na mihogo haikosi.

Sasa shida. Kazi yetu unaijua: muzungu anatazama ndani ya lunette yake ya kupimia, sisi watu wane tunavuta munyororo na kukata kila muti unaosimama mbele, ili mustari wa barabara mupya upite moja kwa moja. Yeye analala ndani ya tente. Sisi tunalala ndani ya amaki, kile kitanda cha nguo kinachofungwa kati ya miti mbili, sababu chini iko maji na siafu. Amaki yenyewe haina ubaya. Ubaya iko juu. Tunafunika na majani ya ngongo, na mvua ya mwezi huu haijali majani. Mwenzangu Émile, yule wa rive gauche, ng'ambo ya muto kwetu, ameloa siku ine mufululizo, sasa anakohoa mupaka anashika mbavu. Ninamusikiliza na kujiuliza nani atafuata.

Donc, basi, unitafutie bashi, ile turubai wanafunikia mizigo ya magari. Pima vizuri: urefu wangu, kisha mukono moja zaidi kila upande, sababu mvua ya hapa inaingia kwa pembeni. Upana, pima mbili. Weka pete za kamba kwenye pembe zote ine na katikati ya kila upande. Mushono usipite kwenye mugongo, pale kamba itabeba bashi. Maji itazitafuta tundu za sindano yako.

Na rangi: kijani nzito ao kaki. Isiwe nyeupe. Ninaisema mara moja na ninakuomba usinijibu na maswali. Nyeupe hapana.

Umupe dereva Sébastien, anapita kwenu le 15. Tumbo inaendelea namna gani? Umuambie mama anisomee dua.

Assumani wako


Kisangani
le 14 mwezi wa kumi, 1955

Bwana yangu Assumani,

Unaanza na "niko muzima" sawa mutoto aliyevunja sahani. Bon, nimesoma, nimeshukuru Mungu, nimesoma tena.

Bashi iko tayari. Nimezunguka maduka yote ya kati siku mbili na miguu imevimba, mama yako amenigombeza. Kitambaa nimepata kizito, kile cha kudumu. Nimeyeyusha mishumaa kumi na mbili pamoja na nta ya nyuki, nikaipakaa na burashi, kisha nikapitisha pasi ya makaa ili nta ishuke ndani ya nyuzi. Nyumba yote inanuka kanisa, na sisi Waislamu. Nimeimwagia ndoo tatu pale barzani, chini yake unga ukabaki mukavu. Mushono uko pembeni, si kwa mugongo. Ile pembe moja kitambaa kilipunguka, nikaongeza na nilichokuwa nacho. Usiicheke.

Sasa mimi pia ninaomba, na wewe usiniulize. Chagua miti mizima. Tazama juu kabla ya kufunga kamba. Ukiona tawi kavu, hama, hata kama umechoka. Na kila jioni, kabla ya kulala, muambie mutu mmoja: nimefunga kitanda yangu pahali fulani, muti fulani. Fanya tu hivyo kwa ajili yangu.

Halafu uandike. Barua yako imekwisha kabla maji ya chai haijachemuka. Uko na taa, uko na jioni nzima, uandike kila siku kidogo, kisha utume zote pamoja. Mutoto anacheza tumboni, zaidi nikikaa kwenye mashine. Nafikiri anapenda ile kelele.

Nyota


Kampi ya mustari
le 20 mwezi wa kumi, 1955

Nyota,

Nilifungua muzigo mbele ya wenzangu, nikaufunga tena. Ni nyeupe. Nilikuandikia nini? Nilikuandikia mara moja, na mara ya pili, na mara ya tatu kwenye mustari mumoja, na wewe umenitumia kitu cheupe sawa chumvi. Siku ile nilikasirika, sikula.

Usiku ule mvua ilikuja na radi zake zote. Sikuwa na bashi ingine, nikaifunga. Ninapaswa kusema kweli: hata tone moja haikuingia. Nilivuta kamba ya mugongo kati ya miti, nikaiweka juu ya amaki kwa urefu wa mukono moja tu, pembe za upande wa upepo nikazishusha karibu na chini. Maji yalijaribu kufuata kamba ya kitanda mupaka ndani, nikafunga kitambaa kidogo kwenye kamba, na maji ikadondokea hapo. Émile tulimusogeza, amaki yake ikapata nusu ya bashi. Amelala bila kukohoa kwa mara ya kwanza. Asubuhi aliniambia nikushukuru, basi ninakushukuru kwa ajili yake.

Nimejaribu kuibadilisha rangi. Nimepaka matope, nimepaka makaa na mawese. Nta yako inakataa kila kitu. Mvua moja tu, imekuwa nyeupe tena kuliko mwanzo.

Na ile pembe. Kikwembe chako cha ndege nyekundu, ulichovaa kwenye ndoa ya dada yangu. Wenzangu wamecheka mupaka nikaondoka.

Usitafute maana kubwa kwenye mambo ya rangi. Nyeupe inachafuka, ni hivyo tu. Lakini jioni sitawasha taa tena. Nitakuandikia muchana, na muchana muzungu hatupi nafasi, donc usihesabu mistari.

Assumani


Kisangani
le 28 mwezi wa kumi, 1955

Bwana yangu,

Nyuma ya ile ya bashi nimepata barua mbili ingine. Ya kwanza mistari mitano, ya pili mine, na mustari mumoja ulikuwa wa salamu kwa jirani. Kuku akitembea juu ya karatasi anaandika zaidi.

Nyeupe inachafuka. Nani anafua huko, Assumani? Nani anakutazama? Mimi ninaishi na wewe mwaka wa ine. Ukisema uongo unakuwa mufupi, na sasa umekuwa mufupi kabisa. Ao una homa na unaficha. Ao Banalia, pale munapovukia muto, kuna mutu anayekuwashia taa yake, ndiyo maana yako imezimika. Usiku ninageuka upande huu, ninaona homa. Ninageuka upande ule, ninaona yule mwanamuke. Mama yako anasema niache mawazo sababu mutoto anakunywa ninachowaza. Basi anakunywa woga tangu wiki mbili.

Ninakuomba uwashe taa, uniandikie barua moja ndefu, na mukono wako usitetemeke. Nikiona mukono imara, nitalala. Nikipata tena mistari ine, nitajua.

Na bashi iache ilivyo. Usiipake kitu chochote. Wewe una sababu yako, mimi niko na yangu, na yangu pia hujaiuliza.

Nyota


Kisangani
le 10 mwezi wa kumi na moja, 1955

Assumani,

Sijui ninamuandikia nani. Hii barua haitapanda gari. Nitaiweka ndani ya sanduku ya mashine, chini ya nyuzi.

Jana Sébastien alisimamisha gari mbele ya nyumba na hakuzima moteri. Akashusha bashi, imekunjwa, imefungwa na kamba. Anasema watu wa bac, kile kivuko pale Banalia, ndiyo walimupa: ya Assumani, umupelekee bibi yake. Yeye mwenyewe hakukuona. Nikamuuliza, walisema nini ingine? Akasema: Wamesema mutu mumoja wa mustari alichomwa mukuki.

Nikafungua kamba. Damu imekauka upande mumoja, imekuwa rangi ya kutu. Karibu na mugongo kuna tundu ya vidole viwili. Nilikunja mara moja. Tangu jana iko pale pembeni ya barza, na hakuna anayeigusa, hata mama yako, hata mimi. Tunaizunguka sawa maiti iliyoletwa nyumbani.

Sébastien amenieleza kila kitu akiwa ndani ya gari, anatazama mbele. Ng'ambo ya Aruwimi watu wanaogopa mundele ya mwinda. Hata hapa tulitishwa nayo tukiwa watoto, nikafikiri ilikwisha na utoto: yule mweupe mwenye taa, anatembea jioni, mwangaza wake ukikupata unakuwa bubu, unamufuata, na kesho uko nyama ya mukebe. Wao wanasema mustari wenu ndiyo njia yake. Kijiji kizima kilikuwa kinatazama msituni kitu cheupe kinachowaka, kinahama kila siku tatu, kinakuja karibu.

Ni wewe, ndani ya bashi yangu, na taa niliyokuomba uiwashe.

Sasa nitakuambia, hata kama hausikii. Bashi ya kijani ilikuwepo. Ilikuwa dukani kwa Mugiriki, nilishika kwa mukono wangu, nikaiacha. Kaka yangu Ramazani hukumujua. Mimi sikukuambia sababu nyumbani kwetu tulikatazwa kumutaja kwa mutu anayeenda msituni. Alifanya kazi kama yako na brigade ingine ya mustari, na bashi yake ilikuwa kijani, rangi ya majani kabisa. Muti ulimuangukia usiku, ukamufunga miguu. Walimutafuta siku tisa. Walipita karibu naye mara mbili, hatua thelathini, na hawakuona kitu. Walipomupata, pembeni yake kulikuwa sahani ya bati, na juu yake alikuwa amekwaruza mistari ine na kisu. Siku ine alikuwa anaishi, anawasikia wanapita, na sauti yake imekwisha.

Ndiyo sababu nyeupe. Nilitaka uonekane. Na umeonekana.

Wanawake wameanza kuleta mikeka ya matanga. Mama yako amewarudisha, kisha jioni amewaita tena. Nimemuambia Sébastien anichukue safari inayofuata, le 25. Amekataa sababu ya tumbo. Nimemuambia nitakaa mbele ya magurudumu yake. Amesema atafikiri.

Nyota


Banalia
le 5 mwezi wa kumi na moja, 1955

Nyota,

Niko muzima. Usome tena hapo, kisha uendelee.

Barua hii nimeishona ndani ya ile pembe ya kikwembe, kati ya nguo mbili, na mishono yangu mibaya utaijua mara moja. Wewe ukishika nguo, vidole vinasoma kabla ya macho, donc siogopi kwamba itakupita. Kuituma wazi siwezi. Barua zetu zinapita mikono mingi, na hii ikisomwa na mutu wa territoire, wa serikali, watu watafungwa.

Nilikuficha jambo. Tangu mwezi wa tisa tulijua kwamba watu wa kijiji cha karibu wanatuogopa. Asubuhi tulikuta nyayo zao karibu na amaki zetu, mingi, na hakuna mutu aliyekuja kuuza hata ndizi. Mwanaume wao mumoja alienda kutazama mitego yake, hakurudi. Wanasema mundele ya mwinda amemuchukua, na mundele ya mwinda ni sisi. Muzungu tulimuambia, akacheka. Ndiyo maana nilitaka kijani: jioni niweze kufunga kitanda, kuzima taa, na kuwa kama majani. Sikukuandikia sababu ya tumbo yako. Yule mutoto wa kwanza tulimupoteza kwenye mwezi wa tano, na wewe sasa uko ndani ya mwezi wa tano. Nilifikiri woga wangu nitaubeba peke yangu. Nilikosea, sababu bila kujua wewe ulikuwa umebeba wako, na mimi nikakuacha unafikiri kuna mwanamuke.

Le 2, barua yako ya lawama ilifika. Giza ilipoingia niliwasha taa. Émile alikuwa amelazwa karibu na muzungu, nilikuwa peke yangu. Niliandika: Nyota, mukono wangu haitetemeke. Sikufika kwenye mustari wa pili. Mukuki ulipita ndani ya bashi na kuniingia bega ya kushoto. Nilianguka kutoka kitandani, na taa haikuzimika.

Walikuwa saba ao wanane. Ninataka ujue walikuwa wanaogopa kuliko mimi. Mumoja alikuwa analia huku ameinua mukuki wa pili. Nilisema jina yangu, nikasema jina ya baba yangu, kwa Kingwana, kwa Lingala, na hakuna aliyesikia, sababu wanasema kile kitu kinajua kila luga.

Kati yao kulikuwa mwanamuke, jina yake Alphonsine. Ni bibi ya yule aliyepotea. Alikuja na wanaume ili kuniuliza bwana yake yuko wapi kabla hawajaniua. Akagusa bashi na fimbo kwanza. Kisha akaona ile pembe. Akaishika na mukono, akasogeza taa karibu.

Akasema: hii ndege nyekundu mimi niko nayo, nilinunua Banalia. Nani ameiweka hapa?

Nikasema: bibi yangu. Alipungukiwa na kitambaa.

Alipitisha kidole kwenye mushono wa ile pembe. Kisha akawageukia wanaume: mushushe mikuki. Mundele ya mwinda hana bibi. Na hata akiwa naye, hapungukiwi.

Mukuki ulishuka, Nyota. Yule aliyekuwa analia alikaa chini, akaendelea kulia. Walinibeba ndani ya amaki yangu mwenyewe, kwenye muti moja mabegani, mupaka Banalia, mvua inanyesha na bashi yako juu yangu. Njiani watu walitukimbia. Muzungu nimemuambia nilianguka juu ya kisiki tulichokata. Infirmier wa hospitali ametazama kidonda, akanitazama mimi, akaandika "kisiki". Wakijua kweli, soda, wale askari, watapelekwa kule, na unajua vile wanafanya. Alphonsine amenipa uhai yangu, mimi nitamupa ukimya.

Bega imevimba lakini vidole vyangu vinafunguka. Sitakuandikia tena mupaka nipate jibu yako, ili nisiharibu siri. Ukinijibu, uandike habari ya tumbo tu, nitajua umesoma. Na uishone ile tundu.

Assumani wako


Kisangani
le 24 mwezi wa kumi na moja, 1955

Assumani,

Hii pia iko ndani ya pembe, pamoja na ile ya le 10 ambayo sikuituma, uisome kwanza, habari ya kaka yangu iko mule. Donc nitaandika ninavyotaka.

Barua yako ilifika hapa le 9 na nimeisoma le 23. Siku kumi na ine ililala kwenye barza, hatua tano kutoka kitanda changu. Ulisema vidole vyangu vitasikia. Vidole vyangu havikugusa. Niliona damu, nikakunja, nikakuacha pale. Wewe uko muzima ndani ya kikwembe, na nje wanawake wanapika lituma na pondu ya matanga yako. Sijui nitakusamehe lini, na wewe pia sijui utanisamehe lini.

Jana nilichukua mukasi ili nikate ile pembe, sababu leo ni lazima nijitayarishe kwa gari ya Sébastien, na nilitaka kuja huko nimejifunga kitu ulichokiona mwisho. Mukasi ukapita, ikalia karatasi. Mama yako alisikia nikianguka, akafikiri ni mutoto. Nilimuonyesha mustari wa kwanza tu. Hajui kusoma, nikamusomea: niko muzima. Alitoka barzani, akawaambia wale wanawake wakunje mikeka. Hakuwaambia sababu. Wanafikiri amerukwa na akili, na amewaacha wafikiri.

Kwa hiyo siji tena. Sébastien anakuletea bashi mupya. Ile ya kwanza sikuishona tundu. Nimeikata. Soma hapa vizuri, utaifunga namna hii. Nje ni rangi ya udongo. Nilichemusha magome usiku muzima, nikatia rangi kwanza, nta baadaye, sababu sasa ninajua nta inakataa. Hakuna atakayekuona jioni. Ndani, upande wa kichwa, utakuta kipande cha ile nyeupe, kimekunjwa na kufungwa na vifungo viwili. Muti ukikuangukia, miguu ikifungwa, mukono moja unatosha kukifungua na kukitupa nje. Usipopotea, usikiguse. Na pembe zote ine nimeweka ndege nyekundu. Kikwembe kimekwisha, kimebaki kipande cha kutosha kufunga kichwa. Hicho ni cha Alphonsine. Umuulize bwana yake alivaa nini alipoenda kwenye mitego, wewe na wenzako mumutafute kuanzia kwenye ile mitego. Mujue kwamba anaweza kuwa hatua thelathini tu kutoka pale munapopita.

Mutoto amevuka mwezi wa tano. Anapiga nikiacha kushona.

Barua zako uanze na "niko muzima", sitakucheka tena. Lakini chini yake uandike kile kinachokutisha, na jina yake. Woga nitakuwa nao siku zote ukiwa ng'ambo ile. Ninataka tu kuogopa kitu kile kile unachoogopa wewe.

Nyota